Gari Nililolijenga Lilivyofia Kwenye Lango la Bibi Harusi

Nina miaka ishirini na mitatu. Naishi na mama yangu Shard End, pembezoni kabisa mwa Birmingham, katika fleti ambayo hata baiskeli haina pa kulala. Shule niliiacha mapema. Kazi yangu ni kutunza wazee: kuwaogesha, kuwalisha na kuwachekesha. Hilo la mwisho ndilo ninaloliweza zaidi!

Nimesoma mikasa yenu mingi, wasomaji wenzangu, na mara nyingi niliwacheka. "Huyu naye alikuwa haoni?" nilikuwa nikimwambia mama. Haya, leo ni zamu yenu kunicheka mimi. Ila mkishamaliza, nawaomba mbakize kicheko kidogo kwa ajili ya Dennis... maana yeye anastahili zaidi.

Dennis alikuwa mchumba wangu. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, anayevaa jaketi la madereva wa mbio hadi kanisani, na ambaye hajawahi kubadilisha tairi tangu azaliwe. Miwani ya jua anavaa hata mvua ikinyesha, na Birmingham mnajua mvua yake! Nilimpenda. Naomba mnisamehe, lakini nilimpenda.

Mambo yalianza na mzee mmoja Mwingereza niliyekuwa nikimtunza nyumbani kwake. Nitamwita Bwana Ron. Siku moja alinituma kwenye garaji yake nikamtafutie taa, nikakuta gari limefunikwa turubai. Gari la Kimarekani la zamani, la milango miwili, boneti ndefu kama meza ya karamu, injini ya V8, yenye silinda nane, imeshikana kwa kutu. Alilinunua ujanani ili akalikimbize, maisha yakamzuia.

Kiangazi kile nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi kwenye uwanja wa mbio nje ya jiji. Mbio zenyewe ni za mstari ulionyooka. Magari mawili yanasimama bega kwa bega, taa ya kijani inawaka, na kila mmoja anakanyaga mpaka mwisho. Basi! Ni muda wa kupiga chafya mara kadhaa tu. Lakini ardhi ilitetemeka mpaka nikaisikia kwenye meno. Nikamwona msichana wa rika langu akishuka kwenye gari lake, mikono myeusi kwa grisi, anacheka peke yake kama mwendawazimu...

Nikasema moyoni: na mimi. Gari nililolijenga mwenyewe, nikiwa nimeshika usukani mwenyewe, kwenye mstari ule. Mara moja tu! Sikuomba kikombe wala picha gazetini.

Bwana Ron alipohamishiwa kwenye nyumba ya wazee, watoto wake walitaka kuita watu wa vyuma chakavu. Yeye akasema gari lile nipewe mimi. Nililia pale pale, nikamwangushia chai yake.

Sasa niliweke wapi? Hapo ndipo Dennis alipojitokeza kama malaika. Alikuwa na garaji mtaa wa Lozells, nyuma ya nyumba aliyopanga. Akasema, "Leta hapa, mpenzi. Changu si ni chako?" Tena akanishauri tuliandikishe kwa jina lake, kwa sababu bima ya msichana wa umri wangu kwa gari la injini kubwa hivyo ni ghali kupita kiasi. Hilo lilikuwa kweli. Watu wa aina yake huanza na ukweli mmoja, halafu wanapandisha uongo mgongoni mwake.

Tukakubaliana waziwazi: mimi nijenge, yeye atoe mahali, na siku ya kwanza kwenye mstari dereva ni mimi. Alisema hivyo akiwa ameshika mkono wangu.

Sikujua plagi wala pistoni, jamani! Wa kunifundisha nilimpata mtaa wa Alum Rock, kwenye karakana iliyo nyuma ya duka la nguo za harusi. Mzee Surjit, Singasinga aliyezaliwa Kisumu na kutengeneza malori huko kabla ya kuja Uingereza. Aliposikia Kiswahili changu alicheka mpaka akaketi.

"Wewe toto ya nani?"

"Wa Nakuru, mzee."

"Nakuru! Na unataka kufungua V8? Umewahi kufungua nini?"

"Kopo la maharagwe, mzee."

Akanipa spana siku hiyo hiyo.

Nilikosea kila kitu kinachoweza kukosewa. Nilivalisha pistoni pete juu chini. Nilivunja boliti kwa kuikaza kama mtu anayekamua nguo. Nilisafisha kabureta, nikaiunganisha tena kwa furaha, kisha nikaona kijichuma kimebaki mezani... Mzee Surjit alikuwa akikichukua kijichuma kama hicho, anakiinua juu na kuuliza, "Hii ni zawadi yangu?" Naye ananifanya nianze upya.

Na Dennis je? Dennis alikuwa akija nikiwa nimelala chini ya gari, anapiga picha, anaondoka. Ukiangalia picha zenyewe vizuri ungeona miguu yangu ikitokeza chini ya mlango. Lakini nani aliangalia miguu? Aliandika: "Mradi wangu unaendelea." Wangu! Siku moja alijipaka oili mashavuni kabla ya kupiga picha. Mashavuni, wasomaji! Sijui alidhani mafundi hufungua nati kwa uso. Nami nikacheka, nikasema moyoni huyu mpenzi wangu ni kichekesho. Mtu akikuibia jasho huku wewe unamfutia uso kwa kitambaa chako... utamwita nani mjinga?

Hata kwao alikuwa hajanipeleka. Kanisani alikaa mbele na wazee wa kamati, mimi nyuma na mama. "Subiri gari liishe," alisema, "nikutambulishe kwa kishindo." Kishindo nilikipata.

Sasa nisikilizeni kidogo kuhusu injini, maana mkasa wangu wote uko hapo. Ndani yake kuna chuma kirefu chenye matuta kinachoitwa kemshafti. Matuta yale ndiyo yanayofungua valvu. Kwenye injini za zamani kama yangu, kemshafti ikiwa mpya kama niliyoiweka, siku ya kwanza kabisa injini ikiwaka haifai kuachwa ingurume polepole imesimama. Lazima ikanyagwe papo hapo na izunguke kwa kasi kama nusu saa hivi, ili oili irukie matuta yale na chuma kizoeane na chuma. Ukiiacha ijizungukie taratibu, vyuma vinasagana. Vikianza kusagana, hakuna dawa.

Mzee Surjit alinikaririshia hayo mpaka nikayaota. Nami nilimkaririshia Dennis. "Dennis, usiliwashe bila sisi. Tutaliwasha Jumapili mchana na mzee." Akasema, "Sawa, fundi wangu," akanibusu kwenye paji la uso. Jumamosi ya baada ya hapo ilikuwa siku ya wanaoanza pale uwanjani, na nafasi yangu nilikuwa nayo tayari. Nilikuwa nikipita kazini naimba. Wazee wakaniuliza kama nimepata mimba!

Jumamosi ya kabla ya hiyo Jumapili yetu nilitoka shifti ya asubuhi, nikashuka kwenye basi Shard End, na nikasikia injini.

Sijui niwaeleze vipi. Sauti ile sikuwa nimeisikia hata siku moja, kwa sababu ilikuwa haijawahi kuwashwa. Lakini niliijua. Mama anasikia kilio cha mtoto wake hata akiwa kati ya watoto mia! Nzito, ya chini, inaviringika kama ngoma... Mwanzo nilitabasamu, mjinga mimi. Kisha nikasikia kitu kingine ndani yake. Tiki. Tiki. Tiki. Na ilikuwa inanguruma polepole. Imesimama.

Nikatupa mkoba, nikakimbia.

Kumbe mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya kanisa alikuwa anaolewa, na kwao ni mtaa wa pili kutoka kwetu. Na Dennis, bila kuniambia neno, alikuwa ameahidi kumbeba bibi harusi kwa "gari alilolijenga kwa mikono yake." Alikuwa amelitoa Lozells polepole kwenye foleni, na sasa lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba, limefungwa utepe mweupe kuanzia pua hadi mgongo, maua ya plastiki yamebandikwa kwa gundi kwenye rangi niliyoisugua mimi.

Wakenya wenzangu mnajua mambo ya lango. Upande wa bwana harusi ukija kumchukua bibi harusi, kina mama wa upande wa bibi harusi wanafunga lango, wanaimba, wanadai. Hawafungui mpaka watosheke. Kwetu ni shangwe tupu. Sasa lango la Shard End ni kijilango cha bustani kinachofika kiunoni, hata kuku angekiruka bila kukunja miguu. Lakini mashangazi, wengi wao wageni kutoka miji mingine, walikuwa wamejipanga nyuma yake kama jeshi! Wanadai leso. Wanadai soda. Wakipewa soda wanasema ni ya moto. Majirani wa Kiingereza wamejaa madirishani.

Na wakati wote huo, nilikuja kuambiwa baadaye, tangu nyimbo za kwanza mpaka leso ya mwisho, Dennis alikuwa ameketi ndani na miwani yake, mkono mmoja umening'inia dirishani, ameacha injini ikinguruma. Hakuizima kwa sababu watu walikuwa wakiisifu. Ndiyo sababu yenyewe. Hakuna nyingine.

"Zima!" nilipiga kelele. "Dennis, zima! Zima injini!"

Nyimbo zikakatika. Shangazi mmoja mwenye kilemba cha kijani akanitazama, mimi na sare yangu ya kazi, nywele zimesimama, machozi yanatiririka... akashika kichwa.

"Ngai! Huyu ni wa bwana harusi! Amekuja kuharibu harusi!"

"Mshikeni!"

Bwana harusi maskini, ambaye sijawahi kuzungumza naye hata siku moja, aligeuka rangi ya majivu. "Haki ya Mungu simjui! Mama, simjui huyu!"

"Wote husema hivyo!" akadakia shangazi mwingine.

Walinishika mikono yote miwili. Kina mama wale wana nguvu, wengi wao ni wauguzi, wamezoea kuinua wagonjwa. "Shangazi, niacheni, injini inakufa!" nililia. "Acha ife!" akasema yule wa kilemba. "Tutakuzika nayo ukiharibu siku ya mtoto wetu!"

Hapo mwenyekiti mwenyewe, baba wa bibi harusi, akamwinamia Dennis dirishani. Akamuuliza kwa upole kabisa, "Kijana, anakuita jina. Una uhusiano gani na binti huyu?"

Tiki, tiki, tiki, inasema injini yangu.

Dennis alinitazama. Alinitazama vizuri, wasomaji, kwa sababu alivua miwani kwanza. Kisha akasema:

"Huyu? Ni msichana tu anayenioshea gari."

...

Nafikiri mashangazi walihisi mwili wangu umelegea, kwa maana mmoja wao aliacha kunishika na akaanza kunishikilia nisianguke.

Lango likafunguliwa. Bibi harusi akatolewa kwa vigelegele, gauni likakunjwa likaingizwa ndani. Na Dennis, lile pambo la kiume, ili wote wasikie, akakanyaga mafuta mara moja, kwa nguvu.

Injini ililia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Gari likapiga mlio wa chuma kuvunjika, likatoa moshi wa bluu ukawafunika watu mpaka kwenye lango, likanyamaza. Bibi harusi alitolewa akikohoa, akaenda kanisani kwa kigari cha mjomba wake chenye kiti cha mtoto nyuma.

Mnafikiri Dennis aliona haya? Alinionyesha kidole. "Nilimwambia asiguse chochote! Amegusa vitu asivyovijua!"

Na wakamwamini! Habari zikatutangulia kanisani. Msichana wa kuosha gari alimtamani dereva, akakataliwa, akaharibu injini kwa wivu. Mama yangu alikuwa mpishi wa kikundi cha kina mama kwa miaka mingi. Jumapili iliyofuata walimwambia apumzike kidogo. Alirudi na sufuria zake, akazipanga kabatini. Heri angenipiga.

Yule Dennis alinipigia simu siku mbili tatu baadaye, kana kwamba tulikuwa tumegombana juu ya remoti ya televisheni. Ati ile ilikuwa kauli ya haraka. Ati mbele ya wazee angesemaje kwamba gari limejengwa na mwanamke? Ati nije na mzee wangu tulitengeneze upesi, ana harusi nyingine ya kubeba mtu.

Nilienda. Sikumwendea yeye, nililiendea gari. Mzee Surjit alifungua injini, akatoa ile kemshafti, akaipitisha vidoleni mwake muda mrefu. Matuta hayakuwepo. Ilikuwa laini kama mkongojo. Vumbi la chuma lilikuwa limetapakaa na oili mpaka kila pembe, limekwaruza kila nilichokipanga kwa mkono wangu.

"Pole, toto," alisema. "Hii imekwisha yote. Nani alifanya?"

"Mchumba."

"Ya nani?"

"Alikuwa wangu."

Dennis, amesimama mlangoni anakula chipsi, akasema, "Si muweke ingine tu? Ni chuma."

Mzee alifuta mikono yake kidole kimoja kimoja. Akamwambia, "Wewe, hata ile chipsi hujui kupika." Tukaondoka. Nilivua pete ya Dennis nikaiacha juu ya pistoni. Nilipowatuma watu kuchukua gari langu walikuta kufuli jipya, na Dennis akawakumbusha limeandikishwa kwa jina la nani.

Jumamosi ya mbio, saa ile ambayo ningekuwa kwenye mstari, nilikuwa kazini namlisha bibi mmoja uji. Akaniuliza kwa nini naweka chumvi nyingi. Sikuwa nimeweka chumvi.

Sasa sikilizeni mwisho wake.

Miezi kadhaa ilipita. Binamu yangu akaolewa, nami nikawa mmoja wa wasimamizi wa bibi harusi. Tumesimama nje ya ukumbi na bibi harusi, tunangojea gari lililokodiwa na upande wa bwana harusi, mara nikaisikia. Ile sauti nzito, ya chini, inaviringika... Nikasema moyoni, basi, amepata fundi mwingine. Limepona. Na Mungu anisamehe, nilifurahi! Nilifurahi kwa ajili ya gari.

Likakata kona. Vijana wanne wa suti walikuwa wakilisukuma kwa nyuma. Dennis ndani, miwani, mkono dirishani. Watu wanapiga vigelegele, wanadhani kusukuma ni mbwembwe za harusi. Na ndani ya ngurumo ile nikasikia... tiki. Tiki. Tiki.

Wasomaji, mtu fulani alikuwa amerekodi siku ile ya lango, na mwanamume huyu alikuwa akitembeza harusini sauti ya gari langu likifa!

Sikumpigia kelele safari hii. Nilisogea pale mbele, nikapiga makofi, nikasema kwa sauti tamu kabisa: "Jamani, bibi harusi apige picha na injini! Fungueni boneti!"

"Ehee! Fungua!" wakaitikia kina mama. Na nani alikuwa mbele yao? Shangazi wa kilemba cha kijani!

"Hapana, ni ya moto," akasema Dennis. "Itamchoma."

"Moto gani, na inasukumwa?" shangazi akamuuliza. Akaingiza mkono kwenye pua ya gari, akatafuta kikomeo, akainua boneti mwenyewe.

Ndani hakukuwa na injini. Alikuwa ameiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Palikuwa na spika kubwa nyeusi, betri, na kreti ya soda.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Shangazi alicheka, kisha akaacha kucheka, akanitazama tena kwa makini. "Si wewe ndiwe yule...?" Nilikuwa natazama kuta za ndani, pale injini ilipokuwa. Rangi niliyopaka kwa brashi ndogo, nimelala kifudifudi, bado ilikuwa inang'aa. Nililia mbele ya watu wote, na Dennis aliondoka kwa miguu kwenye mvua, amevaa miwani yake.

Nilipomsimulia yote, shangazi alikuja kumwomba mama radhi, na sufuria zetu zimerudi kanisani. Gari halijarudi. Mstari ule bado sijaukanyaga, na kwa gari lile sitaukanyaga kamwe. Mzee Surjit anasema yako magari mengine. Najua. Nitajenga lingine, mimi mtu wa kuota siachi! Lakini la kwanza ni la kwanza, nami sikuwahi hata kuketi ndani yake likiwaka.

Nawasihi, hasa nyinyi wasichana mnaoshika spana, sindano, kalamu au mwiko. Penda unavyotaka, lakini usimpe mpenzi ufunguo wa kazi ya mikono yako. Ukisikia "wangu" mahali palipopaswa kuwa "wetu", usicheke kama nilivyocheka mimi. Uliza siku hiyo hiyo. Na mwanamume anayeona haya kusema mbele ya watu kwamba unajua kitu, mwache aende akasukumwe na vijana wa suti.

Nimemaliza. Sasa nichekeni.